Nani Alitengeneza Benchi

Mama, maharage yako jikoni, yamebakia chumvi tu. Mbuzi nimemfunga nyuma ya karakana. Hamim, usiwashe mashine ya msumeno, bado haijakazwa.

Mimi naenda Bwera. ~~Nitarudi jioni.~~ Nitarudi kazi ikiisha.

Baba, nina hasira na wewe. Leo asubuhi Mzee Zedekia alipokuja karakanani kwetu, alilisifu lile benchi la kuwekea vifaa vya mashine, na droo zake za visu vya randa. Akauliza nani alilitengeneza. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na birika la chai. Ukamjibu, "Mwanangu Hamim." Hamim akainamisha kichwa, maana anajua ni kazi yangu. Hata wewe unajua. Ramadhani nzima ulinishikia mbao nikikata.

Nilipokuuliza pembeni, ukasema hakuna mteja wa kumpa msichana kazi kama hiyo. Basi nikamfuata Mzee mpaka kwenye gari lake, nikamwambia ukweli. Akaniangalia, akauliza kwa nini droo zile hazibonyei ilhali visu ni vizito. Nikamweleza. Akasema, "Chukua vifaa vyako, binti. Karakana yangu yote kule Bwera inataka mabenchi ya namna hiyo."

Ananisubiri nje, ndiyo maana naandika haraka. Nimechukua patasi yako ndogo, na sikuombi ruhusa.

Mtu akija kuniulizia, Baba, usimtaje Hamim. Sema binti yako fundi amekwenda kazini.

Binti yenu mkubwa,
Hidayah