Usafi Uliowafukuza Wakwe

Silibwet,
Bomet.
19 Agosti 2025

Mpendwa ndugu yangu Kiptum,

Chamgei! Joto la Doha linakuachia pumzi? Na mgongo umepona? Sisi tuko wazima, Mungu ashukuriwe. Baba anakohoa kidogo kwa sababu ya baridi, lakini maziwa yake ya mursik bado anayamaliza.

Nimeandika kwa kuwa kwa simu ningekutukana. Nimechukizwa, Kiptum.

Unajua wakwe zako wa Kaplong walikuwa waje Jumamosi kuliona boma kabla ya kukupa Janeffer. Ukamwambia kaka yetu Johana afanye shamba liwe safi. Safi! Tulikuwa tumetoka kupogoa michai, matawi tukayaacha yafunike udongo, kama marehemu Mama alivyotufundisha. Johana akayabeba yote kuwa kuni. Kisha akang'oa nyasi alizopanda Mama kukatiza mteremko, eti zinaonekana kama kichaka. Halafu akafagia. Mtu mzima na ufagio chini ya michai! Akakutumia picha, nawe ukamsifu.

Mvua ya siku hizi haina adabu. Zamani ilikuja kidogo kidogo kila alasiri; sasa inatunyima wiki tatu, kisha inamwaga yote kwa saa moja. Ijumaa ilimwaga, pamoja na mawe ya barafu. Ng'ambo ya mto, kwa jirani yetu Esnah, nyasi zipo na udongo haukusogea. Wetu uliteremka mzito kama uji wa wimbi. Mizizi ya michai imebaki nje. Niliitazama nikatema mate.

Wakwe wakaja. Mama Janeffer hakugusa hata chai. Alishuka shambani, akashika mzizi, akamgeukia Johana.

"Shamba ni safi, lakini udongo iko wapi? Msichana yangu hawezi kuja kulima mawe."

Wakaondoka. Wamesema watarudi nyasi zikirudi, si kabla.

Usinitumie pole. Esnah ametupa vipande vya nyasi, na Johana anavipanda kwa magoti. Kuni ambazo hajachoma nimezirudisha shambani mwenyewe. Nyasi zitaota. Udongo wa Mama umeshafika Mto Mara.

Baba anakusalimu sana. Johana anakusalimu, ana aibu. Esnah pia. Janeffer hajatuma salamu.

Mungu akulinde huko, na akupe akili ya Mama.

Wako akupendaye, hata leo,
Dada yako Chemutai