Mkoba wa Bastola ya Lusajo

Jumatatu, 6 Mei
Soko la Shahe, hapa Guangzhou, tangu alfajiri. Jinzi za watoto, marobota matatu. Nimekataa bei, nimegeuza mgongo, nimepiga hatua nne, laoban mwenye duka kaniita. Kawaida. Miguu inawaka moto.

Mchana Lusajo kaja kula. Mdogo wangu wa mwisho, anasomea misitu chuo cha hapa. Kati ya tonge na tonge akasema amechaguliwa kwenda Alaska miezi miwili kupima miti. Nikafurahi. Akasema kule kuna dubu. Nikaacha kufurahi. Akasema nisijali, atapewa bastola.

Lusajo na bastola. Mtu ambaye kule kwetu Tukuyu kuku nilikuwa namchinjia mimi. Ana miaka ishirini na saba na bado anafumba macho akifungua soda.

Anaondoka Ijumaa ya wiki ijayo.

Jumatano, 8 Mei
Nimeangalia video za dubu. Kosa kubwa. Dubu anakimbia kuliko baiskeli. Anapanda mti. Anaogelea. Sasa binadamu abaki na nini?

Mama kapiga. Nimemwambia Lusajo anakwenda kupima miti sehemu yenye baridi. Mnyama sikumtaja, silaha sikuitaja. Mimi ndiye niliyemchukua huyu mtoto kwa mama, nikaahidi mbele ya mchungaji kwamba nitamrudisha mzima. Naogopa. Nimeandika ili nisiseme kwa mdomo.

Alhamisi, 9 Mei
Lusajo kaniletea masharti ya kambi. Bastola ni ya kambi, mafunzo ni ya kambi, kibali watamkatia wao. Mkoba wa kuibebea kila mtu aje na wake. Uwe wa kifuani, maana kiunoni unazibwa na mkanda wa lile begi kubwa la mgongoni, na dubu hangoji ufungue mkanda.

Tatizo: Lusajo anatumia mkono wa kushoto. Ametafuta mtandaoni kote, mkoba wa kushoto hakuna. Eti atachukua wa kulia, atazoea. Atazoea lini, dubu akiwa anatafuna?

Nimekasirika. Miaka kumi na moja niko Guangzhou. Nimeshonesha sare za kwaya, nimeshonesha mahema ya harusi. Nitashindwa na mfuko mmoja?

Jumamosi, 11 Mei
Laoban wangu wa mabegi ni mama wa makamo mwenye karakana nyuma ya soko la Shahe. Anafanya kazi kwa sampuli tu. Picha hataki, maelezo hataki. Mletee kitu, atakitoa vilevile. Ndiyo maana nampenda.

Nimeahidi kumletea sampuli ya mkoba. Akataka pia na kitu kitakachokaa ndani. Nikamwonyesha kwa vidole ni kitu gani. Akaenda kuchemsha chai na hakurudi kwa dakika kumi.

Bastola sina. Katika nchi hii hata ya kuchezea mtoto sithubutu kuinunua. Basi nimenunua sabuni ya kufulia, miche miwili minene. Vipimo Lusajo alitumiwa na kambi, nimevichukua kama vya gauni: urefu, kiuno, tumbo. Bastola hii ina tumbo. Nimechonga kwa kisu cha jikoni, kisha nikashona sampuli ya mkoba kwa jinzi kuukuu, upande wa kushoto. Sabuni imetoka nzuri mno. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Jumatatu, 13 Mei
Aibu ya mwaka.

Nimekwenda kupanda treni ya chini ya ardhi kama siku zote, begi kwenye mashine ya ukaguzi kama siku zote. Mtu mzima mimi, sikufikiri. Niliona sabuni ni sabuni. Kwenye kioo chao ilikuwa bastola.

Mkanda ukasimama. Foleni ikarudi nyuma yenyewe. Walinzi watatu, mmoja binti mdogo mwenye ngao kubwa kuliko yeye. Chumba kidogo. Pasipoti. Kichina changu chote ni cha sokoni: punguza, hakuna, kuna saizi kubwa zaidi, kuna rangi nyingine. Hakuna neno hata moja lililofaa. Niliwaza viza. Niliwaza Lusajo msituni, kifua kitupu.

Mwisho nikaonyesha sinki. Wakatazamana, wakaniruhusu. Nikanawa mikono kwa bastola mbele yao. Povu jingi. Binti akacheka, akaficha uso nyuma ya ngao. Mkubwa wao hakucheka. Akaikata vipande viwili, akanirudishia, akanionya kwa muda mrefu sana kwa lugha ambayo sikuielewa lakini nilikubaliana nayo yote.

Jumanne, 14 Mei
Nimeunganisha vipande kwa maji ya moto. Mtutu umepungua sentimita mbili, umeishia kwenye kunawa. Sina sabuni nyingine wala sina ujasiri wa kuchonga tena. Nimebandika karatasi kwenye sampuli ya mkoba, nimeandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, ili nikumbuke kumweleza laoban: ONGEZA SENTIMITA MBILI HAPA. USISAHAU.

Safari hii teksi. Karakana imejaa wateja, Mkongo mmoja anagombana kwa Kifaransa kuhusu zipu. Nikaweka vitu mezani, nikamwonyesha laoban kalenda: Alhamisi. Akasema, "Hao, hao," yaani sawa. Nikatoka mbio kuwahi marobota.

Nilisahau.

Alhamisi, 16 Mei
Mkoba umetoka. Kazi safi. Nailoni nzito nyeusi, mishono miwili miwili, mkono wa kushoto sawasawa. Na kifuani, kwa uzi mwekundu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, mpaka pale kalamu ilipoteleza kwenye herufi ya mwisho: ONGEZA SENTIMITA MBILI HAPA. USISAHAU.

Sentimita zenyewe hazikuongezwa.

Laoban ananionyesha kwa fahari. Kwake hiyo ni nembo. Tena ametoa sita, maana mashine ya kutarizi haiwashwi kwa mkoba mmoja. Nikafoka. Kisha nikakaa kwenye kigoda. Hana kosa. Nimemletea sampuli, amenipa sampuli.

Kesho mtoto anaondoka. Nikaomba mkasi, nikakata mwisho wa mkoba, nikapinda, nikashona kwa mashine yake, yeye akinishikia kitambaa. Mtutu utachungulia nje. Uchungulie tu. Nimeuvaa na kuchomoa sabuni kwa mkono wa kushoto mara thelathini mbele ya mafundi wote. Mara ya mwisho walipiga makofi. Inachomoka.

Ijumaa, 17 Mei
Uwanja wa ndege. Lusajo ameujaribu mkoba juu ya sweta, amesoma maandishi. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akaniuliza taratibu, "Dada, na nikishindwa kuitumia?"

Wiki nzima nimepima bastola. Yeye sikumwuliza hata mara moja kama anaogopa.

Nilimwambia avae soksi jozi mbili. Nikamfungia zipu ya koti mpaka kidevuni, watu wakitazama, naye akaniachia nimfungie.

Jumapili, 26 Mei
Siku tisa kimya. Alisema porini hakuna mtandao. Najua alisema. Haisaidii.

Juzi kwenye soko la Shisanhang nimenunua blauzi kwa bei ya kwanza niliyotajiwa. Muuzaji aliingiwa na hofu, akaniletea kiti na maji ya moto. Kanisani nimeimba ubeti wa tatu wakati wenzangu wako wa pili.

Mama kapiga kuuliza. Nikasema bado anapima miti. Akasema miti gani hiyo isiyompa mtu nafasi ya kusalimia mama yake. Nikachoka kudanganya. Nikamwambia yote, dubu, bastola, mkoba, hata sabuni. Akasema nilipaswa kumwambia mapema, angeanza kuomba mapema. Akakata. Nimejisikia vibaya sana.

Jumapili, 2 Juni
Lusajo kapiga. Amefika mji mdogo kununua chakula. Sauti ni yake.

Jumanne alikutana na dubu mtoni, hatua ishirini, wenzake wako nyuma. Bastola kifuani. Mafunzo yanasema usikimbie, ongea naye kwa sauti ya chini, rudi nyuma pole pole. Sasa aongee nini. Kiingereza kilimtoka kichwani, Kichina kikafuata. Ni mnyama mkubwa sana, anasema, na usoni alionekana mzee. Akamwambia, "Shikamoo."

Dubu akamtazama. Lusajo akarudia. Dubu akapumua, akageuka, akaenda zake.

Bastola aliikumbuka kambini, wakati wa kuvua koti.

Nilicheka, kisha nikalia, na yeye akanisubiri nimalize. Nikamwuliza kama mkoba unambana. Akasema haumbani.

Nimempigia mama. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akauliza kama dubu aliitikia. Nikamwambia hapana, aliondoka tu.

"Haya," Mama akasema. "Mradi yeye alisalimia."