Chuma Kilicho Chini ya Bega Lako

Mpendwa Mama,

Jana nilikurudisha ndani ya mashine ile iliyokukataa. Ulikuwa mwili wa hesabu tu, uliochorwa kwenye kompyuta ya maabara yetu hapa Goma, lakini kipande cha chuma nilikiweka mahali pake: chini ya bega la kushoto, pale uliponituma kila jioni nikukande kwa maji ya moto.

Unakumbuka tulivyovuka mpaka kutafuta mashine ya picha za sumaku? Mkono wako ulikuwa umekufa ganzi, na hakuna daktari aliyejua sababu. Fundi wa mashine alikuuliza kwa upole, "Mama, muko na chuma mu mwili?"

"Iko, papa. Ya bombe ya vita ya kule Kibati. Walinipatia bure."

Akaweka kalamu chini. Alieleza kwamba sumaku ingekivuta chuma, na mawimbi ya redio, yanayoamsha maji ya mwili ili yajibu na kuchora picha, yangekipasha moto ndani ya nyama. Ukafunga kitambaa chako. "Twende, mutoto. Vita ilikatala nipone, mashini nayo inakatala nigonjwe." Wagonjwa kwenye foleni walicheka. Wewe hukucheka.

Ganzi ilipanda hadi kifuani. Tulikuzika bila kujua kilichokuua.

Nawauliza wenye elimu: mashine hii ilibuniwa kwa mwili wa nani? Kwa mwili ambao haujawahi kukimbia vita. Msimamizi wangu wa utafiti aliniambia wenye vipande vya chuma ni wachache, nichague mada nyingine. Wachache wapi? Nilimwalika mtaani Mabanga, asimame nje ya kanisa baada ya misa, aulize watu wamebeba nini mwilini. Hakuja.

Kwa hiyo natengeneza pigo la mawimbi ya redio kwa ajili ya sumaku dhaifu, isiyoweza kung'oa chuma. Umbo lake nililitoa kwako. Ulipoongoza kwaya hukuhitaji ngoma: ulivumisha sauti ya kuanzia, ikapanda polepole, ikashuka, na katikati ya kanisa lililojaa vilio vya watoto, waimbaji wako pekee wakainua vichwa. Pigo langu nalo lapaswa kuyaita maji ya mwili na kukiacha chuma kimelala.

Lapaswa, nasema. Jana nililipunguza nguvu, picha ikawa ukungu. Nikaliongeza, ikatokea safi, mfupa na mshipa, kila nilichotamani kukiona ulipokuwa hai. Kisha nikafungua ramani ya joto. Chini ya bega lako palikuwa pekundu.

"Inatosha, andika matokeo," mwenzangu alisema. "Picha iko muzuri."

"Na mama huyu anaungua," nikamjibu. Nikaifuta.

Lala, Mama, huko uliko pasipo na risasi. Humu ndani ya kompyuta bado unaungua, na sitasema kazi hii imekwisha mpaka utoke ukiwa mzima.

Binti yako, aliyekukanda bega