Ile Chupa Niliyoizika Kwenye Barafu

Mama Keji wangu,

Mkono huu ni wa usukani, si wa kalamu, wewe unajua. Barabara ya Nimule haijaona dereva wa lori kama mimi. Lakini leo naandika mwenyewe, maana neno hili siwezi kumtuma mtu.

Unakumbuka ile malaria yako, tukikaa mtaa wa Atlabara, Juba? Sista Akello, jirani yetu muuguzi, alinituma soko la Custom kununua chupa mbili za dripu. Mwili wako ulikuwa unawaka, basi chupa ya pili nikamwambia muuza soda aizike kwenye barafu yake. Sista akaishika, akasema ingoje kwanza ipate joto la nyumba. Mimi nani wa kungojeshwa? Ya kwanza ilipokwisha, yeye akiwa nje, nikabadilisha mwenyewe.

Ukaanza kutetemeka, meno yanagongana. Ukaniambia, "Baba Keji, kuna mto unaingia kwenye mkono." Sista akarudi mbio, akafunga mrija. Alisema baridi imebana mishipa, damu haipiti vizuri. Akakukanda huo mkono kwa kitambaa cha moto mpaka ukalegea.

Na mimi ndiye niliyewafokea madereva wadogo miaka yote: injini ikichemka usiimwagie maji baridi, itapasuka.

Ulipona. Watu nikawaambia barafu yangu ndiyo ilikuponya. Wewe ulinitazama, ukaupapasa ule mkono. Hata kwenye matanga yako niliisimulia.

Leo Keji amemleta mwanawe Poni kliniki, nami nimemsindikiza. Mtoto anatapika tangu juzi, macho yameingia ndani. Chupa ya dripu Keji aliitoa kwenye barafu, inatoka jasho. Sista wa hapa akauliza kwa nini. Keji akajibu kwa fahari, "Baba alimponya mama hivi. Mwulize mwenyewe."

Wote wakanigeukia. Poni alikuwa anahema tu.

"Nilidanganya," nikasema. "Nilikaribia kumuua mama yako."

Chupa nyingine haikuwepo. Sista akawa anamnywesha Poni maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, mimi nikaitia ile chupa ndani ya shati, juu ya tumbo. Iliuma. Kila mara sista aliigusa, akatikisa kichwa. Mwisho akaichukua, akaitundika.

Sasa matone yanashuka. Nimeshika mkono wa Poni juu ya sindano. Bado una joto. Keji amekaa upande ule, haniangalii.

Neno hili ulilingoja, nami nikalikalia mpaka ukaondoka. Malesh, mama. Nisamehe.

Mzee wako mkaidi,
Baba Keji