Mtetemo wa Injini Mpya

9 Oktoba

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima na mgongo umeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila kazi imenielemea. Wakubwa wa mashindano ya magari wamebadilisha sheria za injini. Kile kifaa cha kuvuna joto la ekzosi, nilichokihangaikia miaka minane, kimepigwa marufuku. Msimu ujao karibu nusu ya nguvu itatoka kwenye umeme, na mafuta nayo ni mapya. Siku niliyokifungasha kifaa changu kwenye boksi nililia chooni, usimwambie mtu.

Sasa niko chumba cha majaribio, na saini ya mwisho ni yangu. Injini mpya ina mtetemo mdogo. Wenzangu wanasema ni mafuta. Vipimo havisemi ndiyo wala hapana. Tukishaiwasilisha inafungwa kwa lakiri, haibadilishwi kitu mpaka msimu uishe. Nimeirekodi sauti yake kwenye kadi hii ya kumbukumbu, itie kwenye simu yako. Wakijua nimeitoa nje, nafukuzwa. Lakini wewe ndiye uliyekuwa ukigusisha bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, na kujua beringi ipi imechoka. Nisikilizie, Baba.

Binti yako

30 Oktoba

Marahaba mama,

Huku salama. Gereji bado imesimama na mimi bado nimesimama, tunategeana nani aanguke kwanza. Pole na kifaa chako. Hao wakubwa wakiona watu wamekizoea kitu, wanakiondoa. Kabureta zilipoondoka nilinuna mwaka mzima, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Sauti nimeisikiliza mara tatu. Injini iko hai, haina neno. Tia saini ulale. Na uache kunipigia simu, mimi napenda barua.

Baba yako

14 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini hujambo. Mimi si mzima sana.

Injini ilikufa mashindano ya kwanza, mzunguko wa kumi na moja. Beringi ya kati ilisagika. Dereva alitoka salama, namshukuru Mungu kwa hilo. Tumeomba ruhusa ya kuibadilisha, tumenyimwa, kwa hiyo msimu mzima magari yetu yatajikongoja nyuma ya wenzao. Wameniuliza kwa nini nilisaini wakati mtetemo niliuona. Ningewajibu nini? Sasa nafungasha vipuri stoo.

Nimeirudia ile sauti, safari hii nikijua natafuta nini. Chini kabisa kuna mkwaruzo. Mimi ulinipita, lakini wewe usingekupita. Baba, uliisikiliza kweli?

Binti yako

2 Juni

Binti yangu,

Natumaini barua hii itakukuta na afya. Nimechana nne kabla yake.

Sikuisikiliza. Siwezi. Masikio yangu yamekufa, huu mwaka wa tatu, la kulia ndilo lililotangulia. Wateja nawasoma midomo, injini nazipapasa kwa kiganja, na simu ndiyo hiyo nimekukatalia. Kadi yako niliitia kwenye simu, nikaiweka simu kifuani. Ikatetemeka. Nikasema huu ndio uhai wenyewe, kumbe ndio ugonjwa.

Niliona aibu, mama. Umesoma mpaka huko uliko na bado unaniuliza mimi. Ningeanzaje kukwambia kwamba sina tena cha kukupa? Nimekuharibia kazi kwa kiburi changu. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niandikie hivyo hivyo.

Baba yako

19 Julai

Shikamoo Baba,

Pole na masikio. Kazi imeniuma, sitakudanganya, lakini siyo iliyonichelewesha kujibu. Nilikuwa nahesabu miaka.

Likizo yangu ya mwisho, mwaka juzi, nilikufuata gereji asubuhi. Ulikuwa chini ya pikapu, miguu tu inaonekana. Nikakaa juu ya tairi nikakueleza jambo mpaka mwisho. Ulipojivuta nje ulinikuta nakutazama, ukatabasamu, ukasema, "Sawa mama, vizuri sana," ukaomba spana. Kesho yake niliondoka na sijarudi. Tangu hapo nimekuandikia habari za injini tu, maana habari nyingine zangu niliamini huzijali. Nilikuchukia, Baba, na wewe hukujua.

Sasa nakuandikia nilichosema siku ile. Nilijifungua mtoto wa kike. Aliishi siku mbili. Nilimpa jina la marehemu mama. Nilikuwa nimekuja nyumbani ili unishike.

Binti yako