Vineno Vidogo vya Daktari Aldo

Jumatatu, 4 Machi 1946
Nimefungua zahanati, nimechemsha sindano, nimefagia. Wagonjwa wengi, homa tupu. Daktari Aldo kaletwa na askari kama kawaida. Ni mfungwa wa vita, Mtaliano, lakini hapa Changamwe watu humwamkia kama daktari mwingine yeyote. Kiswahili chake kibovu, Kitaliano changu kibovu zaidi. Mimi ndiye mkalimani. Mchana kanifundisha vineno vidogo vya Kitaliano, vile vya kuunganishia maneno: di, a, da, in, con, su, per. Majina ya vitu nayashika upesi. Hivi vinaniponyoka.

Alhamisi, 7 Machi
Nachanganya "a" na "da". "Da" ya kutokea, "a" ya kwendea. Sisi husema nyumbani tu, uwe watoka au waenda. Nimemweleza. Kasema taratibu: "Da casa. A casa." Kutoka nyumbani. Kwenda nyumbani. Machozi yakamlenga. Nikajitia kupanga chupa za dawa.

Jumapili, 10 Machi
Sikwenda kanisani. Mke wangu Kadzo hakupata usingizi. Mama yake, mkunga tangu ujana wake huko Rabai, kampapasa tumbo, kasema mtoto kalala kikingama. Mimba ya kwanza ilitutoka. Naogopa.

Jumanne, 12 Machi
Nimemwambia daktari. Kamwomba askari ruhusa ya kuja nyumbani. Mama mkwe hataki. "Yona mwanangu, mwanamume mgeni amshike mkeo tumbo?"
Kadzo ndiye aliyekata shauri. "Mama, mwache aje. Mtanishika nyote wawili."

Jumatano, 13 Machi
Uchungu umeanza alfajiri. Nimekimbia kumwita daktari. Askari kabaki uani.
Mikono minne juu ya tumbo la mke wangu: ya daktari penye kichwa cha mtoto, ya mama mkwe penye matako. Daktari kaonyesha kichwa cha mtoto kwa kidevu chake. "Da destra a sinistra!"
"Asemaje?" mama mkwe kauliza. Tayari alikuwa akisukuma kinyume.
Ipi ya kutokea, ipi ya kwendea? Da. A. Kadzo akanitazama, jasho likimtiririka.
"Kichwa kitoke kulia, kiende kushoto, mama," nikafasiri.
Akageuza mikono. Polepole. Kadzo kauma leso. Nikaliona tumbo likizunguka, kichwa kikashuka.
Adhuhuri mtoto kalia. Wa kike. Nami nimelia, mbele ya askari. Sijali.

Ijumaa, 15 Machi
Habari zimefika. Wafungwa wanarudishwa kwao, daktari yumo. Namfurahia. Naumia pia.

Jumatatu, 25 Machi
Daktari kaondoka juzi. Alipita kuaga. Mama mkwe kamfungia korosho, kamshika kichwa kwa mikono miwili kama amshikavyo mwanawe. Hakuna aliyehitaji mkalimani.
Mtoto tumempa jina la mama mkwe, Mbeyu. Mwenyewe anajifanya hakusikia. Sasa hivi anamwogesha, anamwita "wajina" kwa sauti ndogo, akidhani tumelala.