Miwani ya Fundi Barasa

Mjukuu wangu Wafula,

Hapa Abu Hamour, huku ugenini, tu wazima. Mama yako hurudi kutoka kazini hospitalini amechoka lakini anacheka, nami nimeanza kuzoea kwenda kanisani Ijumaa, maana huku ndiyo siku ya mapumziko. Mungu ametutunza.

Umeniuliza, kwa kuwa utapiga kura mara ya kwanza, uamini lipi katika hayo mnayotumiana kwenye simu. Nimemkumbuka Barasa, fundi cherehani aliyetusomea gazeti sokoni nilipokuwa msichana, maana wengi wetu hatukujua kusoma. Akisoma, alivaa miwani. Akitaka kutoa maoni yake, aliivua kwanza, tusije tukachanganya maneno yake na ya gazeti.

Siku moja vijana wa chama walimletea karatasi ya kumchafua mpinzani wao, wakasimama pale kuhakikisha ameisoma. Barasa akavua miwani, akaishika karatasi mbali na uso, akaisoma yote kwa taabu, neno kwa neno. Vijana wakaondoka wameridhika. Sisi tulitazamana, tukaelewa.

Namshukuru hadi leo. Kila nikiletewa habari, kabla sijaiamini najiuliza: huyu amevaa miwani, au ameivua?

Nyanya yako akupendaye